Si Mkewe, Ni Mwenzake wa Kazi

Mary Khavere hakuwa mke wa Benson Wanjau. Naanza hapo kwa sababu Afrika Mashariki nzima imemwoza mwanamke huyu kwa mume asiye wake, bila posa, bila mahari, bila kadhi, naye kila akihojiwa imembidi aeleze upya. Yeye ndiye Mama Kayai wa Vitimbi, mchezo wa vichekesho wa televisheni ya Kenya. Wanjau alikuwa Mzee Ojwang, mumewe wa mchezoni. Waligombana kazini, wakapatana kazini, na kazi ikisha kila mtu akashika njia ya kwake.

Aliyenikumbusha habari zao ni kijana mmoja muuza juisi ya miwa pale Forodhani, Unguja. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye ndoo ya ndimu, mkono unasukuma muwa mashineni, macho yako kwenye kioo. Nikamwambia, "Mwanangu, nitilie tangawizi, ndimu usizidishe." Akaitikia, "Haya, bi mkubwa," bila kunitazama, kisha akacheka peke yake. Nilipochungulia nikaona kipande cha Vitimbi, cha zamani kweli, rangi zimepauka na sauti inakwaruza. Kipande chenyewe kinamzidi umri yule kijana. "Mzee huyu ananivunja mbavu," akaniambia. Sikumbishia. Lakini mimi nilikuwa namtazama mke.

Mtazameni na nyinyi, kipande chochote kile kitakachowaangukia. Mzee Ojwang anaingia amejaa uongo wake wa siku hiyo. Kama si mali aliyoahidiwa ni cheo alichojipa, kama si cheo ni deni analolikimbia. Anasema mbio, anachanganya Kiingereza cha kuokota na Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na Mjaluo mwenyewe si. Wanjau alikuwa Mkikuyu, na Khavere naye si mwana wa Ujaluoni. Muda wote huo Mama Kayai kasimama, hajasema kitu. Anakaza nguo kiunoni, anamtazama mgeni, anarudi kumtazama mumewe. Mshangao unamwingia usoni kidogokidogo, mshangao unageuka shaka, shaka inageuka ghadhabu, na sisi tunausoma uongo wa mzee kwenye uso wa mkewe kabla haujamalizika kutoka mdomoni mwake. Akija kufungua kinywa, mara nyingi neno ni moja tu, la kuvuta, la mwanamke aliyechoka. Hapo ndipo nyumba nzima inapoangua kicheko, na sifa anapewa mzee.

Nimetazama maigizo mengi, mazuri na ya kutia aibu, na hili sina shaka nalo: mchekeshaji asiye na mtu wa kumwamini au wa kumtilia shaka anabaki mtu anayepiga kelele peke yake chumbani. Mzaha unataka ukuta wa kuugonga. Mama Kayai alikuwa huo ukuta, na ukuta haupigiwi makofi. Kwangu mimi nusu ya kicheko cha Ojwang ni kazi ya Khavere, na siku nyingine hata zaidi ya nusu.

Tatizo ni kwamba kazi yake haikuonekana kazi. Alifanana mno na mama zetu. Anapika, anauliza pesa ya matumizi iko wapi, anapokea wageni wasioalikwa, anaokoa heshima ya mume aliyeiuza sokoni. Ndiyo maana watu waliamini ni mkewe kweli. Kwa mwigizaji hiyo ni sifa kubwa kuliko tuzo ya kioo, na papo hapo ni hasara. Ukionekana huigizi, nani atakumbuka kukulipa kama mwigizaji?

Mimi nilikutana na Vitimbi Mombasa, kwa mama mdogo, mtaa wa Kibokoni, si mbali na Ngome ya Yesu. Sisi wa Unguja tulifika kule na maringo yetu mawili. La kwanza televisheni ya rangi, maana Zanzibar ilikuwa nayo tangu enzi za Rais Aboud Jumbe, wakati Tanzania Bara ilingoja hadi 1994 ndipo ikapata kituo chake cha kwanza. La pili, lugha. Jioni ya Vitimbi maringo yote mawili yaliwekwa pembeni. Mama mdogo alikuwa hasamehe ngeli iliyovunjwa. "Wanaiua lugha hawa," husema, huku anajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya leso. Ojwang akisema "kitu yangu" yeye humsahihisha kwa sauti, kana kwamba mzee atamsikia huko Nairobi. Lakini nakumbuka kwamba aliyesahihishwa ni Ojwang. Mama Kayai alikuwa anajibiwa. Wanawake wa chumba kizima walizungumza naye: usimpe hata senti, shoga, muulize jana alilala wapi, huyo mgeni ana lake jambo. Mwanamume walimtazama, mwanamke walikuwa naye.

Wapo watakaosema mwanamke kuchekesha hadharani ni mambo ya bara, yaliletwa na televisheni. Hao hawajui mji wao wa Unguja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba karibu mwaka 1880 na kuuza vyungu kabla ya kuuza sauti, hakuwa akiimba tu. Yeye na kundi lake, akina Mbaruk, Budda Swedi na Subeit Ambari, walikuwa wakicheza natiki, vichekesho vifupi vya kuwasema watu wa mjini, na mtaa wa Ng'ambo ulikuwa ukifurika watu waliokwenda kuvisikiliza. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi, wakarudi na jina lililofika kila palipokuwa na santuri katika pwani hii. Kilichouzwa kwenye sahani ni nyimbo. Mwandishi Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na chama cha wanahabari wanawake kikaliita jarida lake Sauti ya Siti. Siti mwimbaji tunaye. Siti aliyewavunja watu mbavu ametutoka pamoja na waliomcheka, kwa kuwa hakuna aliyeona kichekesho ni kitu cha kuhifadhi. Wimbo ni sanaa, mzaha ni mzaha, ndivyo tulivyolelewa.

Tofauti na hayo ni habari ya mchekeshaji Lucille Ball wa Marekani, nayo kila msanii wetu angepaswa kusimuliwa kabla hajashika kalamu kutia saini. Igizo lake la I Love Lucy lilianza Oktoba 1951. Wakati huo vichekesho vingi vya televisheni vilichezwa papo kwa hapo kutoka New York, na kikiisha kimeisha. Ball na mumewe, Desi Arnaz, mwanamuziki aliyezaliwa Cuba, walitaka kubaki California na kupiga filamu hasa, kwa kamera tatu, mbele ya watazamaji waliokaa vitini. Gharama ikapanda. Kituo cha CBS kikasita. Wawili hao wakakubali kupunguziwa malipo, kwa sharti kwamba filamu ziwe mali ya kampuni yao, Desilu. Watu wa kituo waliona wamepata bwege. Kipindi cha wiki iliyopita kina thamani gani?

Kumbe kilikuwa na thamani kubwa. Watu walitaka kukitazama tena na tena. Baadaye CBS ikarudi kuzinunua filamu zilezile kwa mamilioni ya dola, na Desilu ikanunua studio za RKO, ambako Ball mwenyewe aliwahi kuajiriwa akiwa msichana anayetafuta jina. Baada ya ndoa kuvunjika alinunua fungu la Arnaz mwaka 1962, akawa mkuu wa studio. Mwanamke aliyejulikana kwa kujipaka masizi na kulia kwa mdomo wazi alikuwa anazisoma hesabu.

Hata hivyo si kila mtu wa igizo lile alitoka hivyo. Vivian Vance, aliyecheza jirani yake, Ethel, alikuwa ukuta kama Mama Kayai. Naye aliozwa na watazamaji kwa William Frawley, mzee aliyemzidi miaka zaidi ya ishirini, na nje ya kamera hawakuivana hata kidogo. Mwaka 1954 alipewa tuzo ya Emmy. Studio hakupewa.

Turudi kwetu. Kanda za Vitimbi ni za shirika la utangazaji, ndivyo ilivyokuwa desturi tangu likiitwa Sauti ya Kenya. Sisemi hapo kulitendeka wizi. Nasema kwamba mwigizaji hakuambiwa, na pengine hakuwaza, kuwa uso wake utaendelea kufanya kazi baada ya yeye mwenyewe kwenda nyumbani. Mzee Ojwang alipougua macho, Wakenya walichangishana fedha za matibabu yake. Walitoa kwa moyo, na Mungu awalipe. Alifariki dunia tarehe 12 Julai 2015, na kilio kilisikika hadi huku visiwani. Lakini mtu aliyeichekesha nchi kwa miongo kupitishiwa bakuli si jambo la kulisifia. Sadaka tuliiita mapenzi, na ujira tukausahau.

Tanzania nayo haina la kujivunia. Mchekeshaji King Majuto, yaani Amri Athumani wa Tanga, alipokuwa mgonjwa mwaka 2018, ndipo mikataba yake ya filamu na matangazo ikaanza kuulizwa, na Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Agosti 8 mwaka huohuo. Fikiria: mtu maarufu kuliko wote katika fani yake, anayetambulika na mtoto wa chekechea, alihitaji kulazwa ndipo karatasi zake zisomwe. Na huyo ni mwanamume, tena nyota. Wanawake waliosimama pembeni yake wakicheza wake na mama wakwe, nani aliwauliza karatasi zao?

Kwa nini nayaandika haya kutoka Forodhani? Kwa sababu pale pale, maji yakijaa jioni, vijana wanaruka makachu baharini. Mtu hasiti kucheka. Mmoja anakimbia na suruali ya mtu mwingine, mmoja anajifanya amelewa hadi ukingoni, mmoja anasali kwa mbwembwe halafu anajitupa mgongo kwanza. Ni vichekesho vilivyokamilika, vina mwanzo, vina kusubirisha, vina mwisho wa maji. Ukutani wamejipanga watu na simu, wageni na wenyeji, wanarekodi. Video hizo zimezunguka dunia nzima. Aliyeruka anapanda ngazi anatetemeka kwa baridi, anaomba elfu moja ya urojo. Aliyerekodi anahesabu watazamaji.

Wasichana makachu hawaruki sana, lakini wana yao. Fungua simu uone: binti wa Kiunguja amejifunga kanga, anaigiza mama yake, jirani yake na mwenye nyumba anayedai kodi, wote watatu peke yake, jikoni, taa ya kuazima. Baadhi yao wana kipaji cha kutisha. Nimemwona mmoja akinyamaza mbele ya kamera kwa muda mrefu, anakunja tu nguo za kufua, na ule unyamavu ukanichekesha kuliko maneno yote ya mume wa mchezoni. Pengine Vitimbi hakuwahi kuitazama. Akija mtu na kampuni ya sabuni au ya simu, atampa fedha taslimu na karatasi ya lugha ngumu, na binti atatia saini kwa furaha, maana hakuna nyumbani kwao anayeona kuchekesha ni kazi. Baba anasema anacheza. Shangazi anasema aache upuuzi aolewe.

Basi wazazi, mkimwona mtoto anachekesha, muulizeni kama mngemuuliza fundi seremala: umelipwa ngapi, na meza ni ya nani? Nanyi watangazaji wetu, mnapoirusha michezo ya zamani, andikeni majina halisi ya waigizaji mwishoni, wote, hata aliyeleta chai. Na wewe binti wa jikoni, kabla hujatia saini angalia vitu vitatu tu: video inabaki mali ya nani, itatumika muda gani, na ikirudiwa unapata nini. Pasipoandikwa, omba paandikwe. Akikataa, ujue amekwisha kukujibu. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003, na ofisi inayoisimamia, COSOZA, iko hapa hapa Unguja. Nenda kaandikishe kazi yako kabla hujaitwa tangazo la pili.