“MUNGU AMENIAMBIA NIKUOE” – JE, NI MUNGU KWELI?

Usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho.

Msichana wa miaka 14 anaambiwa na baba yake kwamba nabii anataka kumwoa. Kesho yake nabii mwenyewe anamhakikishia: ukikubali, wewe na jamaa ya baba yako mtapata wokovu wa milele. Je, ungekuwa wewe, ungejibu nini?

Hii si hadithi ya kutunga. Ilitokea mwaka 1843 katika mji wa Nauvoo, Illinois, Marekani. Msichana aliitwa Helen Mar Kimball. Nabii alikuwa Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa la Wamormoni. Na Helen akaolewa.

ILIANZAJE?

Smith alianzisha kanisa lake mwaka 1830. Mwaka huo huo alitoa Kitabu cha Mormoni. Humo, wake wengi wa Daudi na Sulemani wanaitwa chukizo. Lakini umeachwa mlango mdogo: isipokuwa Mungu mwenyewe akiamuru. Sasa nani atatangaza kwamba Mungu ameamuru? Ni nabii yule yule!

Tarehe 12 Julai 1843 akaandikisha ufunuo wa kuruhusu wake wengi. Mkewe, Emma, alitajwa kwa jina: awapokee wanawake wale, la sivyo ataangamizwa. Kumbe wengi walikuwa wameshaolewa kwa siri! Mwaka 2014 kanisa lake lenyewe lilieleza kwamba huenda walikuwa kati ya 30 na 40.

Juni 1844 gazeti moja la Nauvoo lilifichua siri. Smith, aliyekuwa meya, na baraza la mji wakaamuru mtambo wake uharibiwe. Akatiwa gerezani Carthage, na tarehe 27 Juni kundi la watu wenye silaha likamwua. Damu ile nayo ilikuwa dhambi.

Brigham Young akawaongoza wengi hadi Utah. Mwaka 1852 fundisho likatangazwa hadharani. Serikali ikatunga sheria kali. Mwaka 1890 kiongozi wao, Wilford Woodruff, akatangaza ndoa hizo zikome. Nyingine ziliendelea kichinichini, hata ikabidi tangazo la pili mwaka 1904. Leo Mmormoni akiongeza mke anafukuzwa kanisani. Wanaoendelea ni vikundi vilivyojitenga. Kiongozi wa kimoja, Warren Jeffs, alihukumiwa kifungo cha maisha huko Texas mwaka 2011 kwa kuwanajisi wasichana wadogo aliowaita wake zake.

SIKILIZA, DADA! SIKILIZA, KAKA!

Usiwachukie Wamormoni. Wale vijana wao wa shati jeupe na tai hawahubiri wake wengi. Tena tusijidanganye: hata kwetu tunaojiita tumeokoka wapo wanaosema, “Dada, Bwana amenionyesha wewe.” Hebu pima roho hiyo (1 Yohana 4:1):

1. Je, anataka iwe siri?
2. Je, anakutisha kwamba ukikataa utalaaniwa?
3. Je, anakuuzia wokovu kwa mwili wako?

Basi huyo hakutumwa na Mungu, hata kama anaombea wagonjwa. Ondoka! Mwambie mtu mzima unayemwamini.

Utasema, “Mbona Ibrahimu alikuwa na Hajiri?” Soma Mwanzo 21 uone machozi ya mama yule nyikani. Biblia haikuyaficha. Bwana Yesu alipoulizwa habari za ndoa, alirudi mwanzo kabisa: mume mmoja, mke mmoja, mwili mmoja (Mathayo 19:4-6).

WOKOVU HAUUZWI

Helen aliahidiwa mbingu kwa kuolewa. Yesu hakudai hivyo kwa msichana yeyote. Yeye alilipa mwenyewe msalabani. Kwako ni bure, kwa neema (Waefeso 2:8-9). Usingoje kesho. Omba sasa hivi:

“Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Ingia moyoni mwangu. Nilinde na sauti za uongo, unifundishe kuijua sauti yako. Amina.”

Kama umeomba kwa imani, umeokoka! Soma Biblia kila siku, na tafuta kanisa linalohubiri Neno, ambapo hata mchungaji anapimwa kwa Neno. Mungu akubariki.