Kipato cha Jana, Deni la Kesho
Mkopo wa nyumba nchini Marekani huweza kulipwa kwa miaka 30, lakini anayeishi kwa kamisheni hupimwa kwa miaka miwili iliyopita. Kanuni za Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, kwa kawaida hupendekeza aonyeshe historia hiyo. Mapato hujumlishwa, hutafutwa wastani wa mwezi, na yakiwa yanashuka, mkopeshaji husita. Hapo swali la mwanafalsafa David Hume la mwaka 1739 huingia ofisini bila hodi: ni nini kinachotuhakikishia kwamba kesho itafanana na jana? Mazoea tu, alijibu Hume. Basi mwenye mshahara naye hana hakika. Karibu katika majimbo yote ya nchi hiyo mwajiri anaweza kumwachisha kazi bila kutoa sababu. Shaka yake haionekani kwenye karatasi, basi.

Kuna watakaosema kwamba kumwamini mkopaji kwa neno lake kulikwisha kujaribiwa: kabla ya mgogoro wa kifedha wa 2008 baadhi ya wakopeshaji walikubali mapato ya kutajwa tu bila uthibitisho, hata sheria ya Dodd-Frank ya 2010 ikadai uwezo wa kulipa uthibitishwe. Hoja hiyo ni nzito, nami siikatai. Ila inadai uthibitisho, haidai mshahara. Dalali aliyevuka msimu mbovu na mzuri ametoa ushahidi zaidi wa ustahimilivu kuliko karani aliyeajiriwa mwezi uliopita, ambaye barua ya mwajiri huweza kumtosha. Kudai kumbukumbu ni busara. Kumwona mmoja hatari na mwingine salama kabla ya kuzisoma ni upendeleo. Akiba na historia ya madeni ya wote wawili zipimwe kwa mizani ileile.