Kombi gani, Frateri?

Somo: Mt 25:14-30



Jumapili moja baada ya Misa, binti mmoja wa TYCS alinisubiri nje ya kanisa. "Frateri, matokeo yametoka. Baba anataka nichague PCB niwe daktari. Fizikia na Kemia nimepata C, tena kwa kubahatisha. Historia na Kiswahili nina A. Nikikataa, si nitakuwa nimevunja amri ya nne?"

Swali lilinichoma. Mimi mwenyewe nilijaza PCM kwa sababu moja tu: washkaji wote walijaza PCM, na mtaani kwetu waliosoma sanaa waliitwa vilaza. Sikusali wala sikumuuliza mtu. Kidato cha tano nikateseka na Hesabu, mwisho nikahamia HGL kwa aibu. Na zamani hizo tahasusi zilikuwa chache! Mwaka 2024 zimefika 65.

Rafiki yangu, turudi kwenye Injili. Bwana aligawa talanta tano, mbili na moja, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Aliyepewa mbili hakuulizwa kwa nini hakuleta faida ya tano. Alipata sifa ileile kama mwenzake. Na yule wa talanta moja hakuhukumiwa kwa sababu alipewa kidogo. Aliogopa, akaifukia.

Kuchagua kombi kwa kuogopa kuchekwa ni kufukia talanta. Lakini tusidanganyane: kukimbia Fizikia kwa uvivu, halafu kusema "si karama yangu", nako ni kufukia. Kama kweli unaitwa kuwa daktari, Fizikia, Kemia na Baiolojia huzikwepi. Kaa chini, soma.

Na amri ya nne? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2230, inafundisha kwamba wazazi wasiwashinikize watoto wao katika kuchagua kazi, ila wanaweza kuwapa ushauri wa busara. Mtoto naye anatakiwa kuomba ushauri huo na kuupokea kwa moyo mweupe. Kwa hiyo kumheshimu baba si kunyamaza halafu kufeli kimyakimya. Ni kumwambia ukweli kwa adabu.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola anatusaidia pia. Kwanza jua lengo, yaani kumtumikia Mungu; kombi ni njia tu. Kisha mfikirie mtu usiyemjua kabisa, mwenye matokeo kama yako na moyo kama wako. Ungemshauri nini? Halafu jifikirie siku ya kufa kwako: ungetamani uwe umechagua nini? Ukijibu hayo mbele ya Ekaristi, kelele za mtaani zinapungua.

Wiki iliyofuata binti alirudi, safari hii na baba yake. Mzee alinisalimia, akaniuliza bila kuzunguka: "Frateri, akisoma hiyo Historia atakula nini? Mimi nimeuza ndizi Tengeru miaka yote ili yeye asiuze."

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimejiandaa kumhubiria baba mkali, kumbe nipo mbele ya baba mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa upendo. Nikawaomba wakamuone mwalimu wa taaluma, wakae watatu na matokeo mezani. Binti akamshika baba mkono, akasema taratibu, "Baba, sitaki jasho lako lipotee. Ndiyo maana naogopa PCB." Mzee akatazama upande wa Meru, kilele kimefunikwa na mawingu kama kawaida ya mchana. Akasema, "Haya, twende kwa mwalimu."

Hapa Arusha tunajua: mawingu yakiuficha mlima, mlima haujahama. Mpango wa Mungu kwako nao upo, hata kama leo huoni kilele.

Kabla ya kubadilisha chaguo lako wiki hii, fanya matatu: sali, ongea na mzazi, muulize mwalimu.

Tuombe: Ee Roho Mtakatifu, utuondolee hofu na uvivu. Utupe ujasiri wa kusema kweli nyumbani, na uwape wazazi wetu amani juu ya kesho yetu. Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, utuombee. Amina.