Dhamana ya Mchora Kesho

Kesho ni mgeni ambaye kila mtu humngoja na hapana amwonaye. Afikapo mlangoni huwa amekwisha badili jina, naye huitwa leo. Juu ya hayo, msomaji, wako watu waliothubutu kumchora mgeni huyo kabla hajafika: waandishi wa hadithi za safari za mwezini, wachoraji wa miji ya vioo, watengenezaji wa sinema za vyombo vya angani, na waandaaji wa maonyesho ambamo mtu huingia ili aishi robo saa katika mwaka ambao haujazaliwa. Kazi zao ni sanaa ya sayansi ya kubuni. Insha hii haikusudii kupima kama watu hao hubahatisha vema au vibaya. Inauliza jambo jingine: Mtu achoraye kesho ana dhamana gani kwa watu watakaoishi ndani yake? Na wewe utazamaye mchoro wake, una wajibu gani?

Kwanza tuwasikilize wale waonao kwamba swali lenyewe ni la kupoteza wakati. Husema kwamba ndoto haijazi tumbo. Kwamba mwanafunzi anayedaiwa karo na mkulima mwenye shamba kavu hawana haja ya picha za mwaka 2100. Maneno haya yana uzito, wala siyadharau. Lakini mtazame mkulima huyo huyo. Apandapo mbegu kabla ya mvua, huwa ameona kwa jicho la moyo shamba bichi ambalo jicho la kichwa halijaliona. Kama asingaliliona, mbegu ile angaliila. Mzazi auzaye ng'ombe wake ili mwanawe asome hufanya vivyo hivyo. Hapana kazi kubwa ya mwanadamu ambayo haikuanza kama picha ya kitu kisichokuwapo. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Basi kwa kuwa lisemwalo laja, yatupasa tuliangalie sana: nani alisemaye, na likija, gharama yake italipwa na nani?

Chukua mfano mmoja uliotukia. Tarehe 30 Aprili 1939 yalifunguliwa mjini New York, katika Marekani, maonyesho makubwa ya mataifa yaliyohubiri dunia ya kesho. Uwanja wake ulikuwa zamani jaa la majivu. Miongoni mwa majumba yaliyovuta watu wengi lilikuwamo la General Motors, kampuni ya kutengeneza magari. Ndani yake msanii Norman Bel Geddes alikuwa ametengeneza nchi nzima kwa umbo dogo, mfano wa Marekani ya mwaka 1960: vijumba vipatavyo nusu milioni, na vigari 50,000, ambavyo 10,000 katika hivyo vilikuwa vikienda. Watazamaji walikalishwa katika viti vilivyosogea polepole juu ya nchi hiyo, sauti ikiwaeleza waliyoyaona, nao wakatazama barabara pana zikipita milima na mabonde bila ya kizuizi. Walipotoka walipewa beji ya kubandika kifuani, iliyotangaza kwamba mvaaji ameiona kesho.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule vita viliwaka Ulaya. Kesho iliyotangulia kufika haikuwa ile ya viti visogeavyo. Hata hivyo sehemu kubwa ya ndoto ile ilitimia. Mwaka 1956 Marekani ilipitisha sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu wa maili 41,000. Sisemi kwamba maonyesho yale ndiyo yaliyojenga barabara hizo. Lakini macho ya watu yalikuwa yamekwisha kuzizoea kabla ya magurudumu. Barabara hizo zilileta faida nyingi. Zilileta na kilio: katika miji mingi zilipasua mitaa ya maskini na ya watu weusi, nyumba zikavunjwa, majirani wa miaka mingi wakatawanyika.

Jiulize, msomaji, kwa nini mtazamaji wa mwaka 1939 hakukisikia kilio hicho? Kwa sababu alikalishwa juu. Kutoka juu nyumba haina mwenyewe, mtaa hauna majirani, na mstari wa barabara hupita popote mkono wa mchoraji upendapo. Tena aliyegharimia picha ile alikuwa muuza magari, na katika kesho yake kila haja ya mwanadamu ilipata dawa yake katika gari. Simlaumu mtu kwa kupenda biashara yake. Nasema tu kwamba mfinyanzi akichora kesho, kesho hiyo itajaa vyungu. Na mtazamaji asiyeuliza nani ameilipia picha huenda akalichukua tangazo la biashara kwa unabii.

Sasa mtazame msanii aliyesimama mahali pengine. Mwaka 1920 Karel Čapek, mwandishi wa Chekoslovakia, alitoa mchezo wa kuigiza uitwao R.U.R., ambao ulichezwa mjini Prague mwaka 1921. Ndani yake, kiwanda kilichoko kisiwani hutengeneza watu wa bandia wa kuwafanyia wanadamu kazi zote. Josef, ndugu yake Čapek, ambaye alikuwa mchoraji, ndiye aliyemshauri awaite roboti. Jina hilo limeenea ulimwenguni kote, na watoto wadogo hulitaja wachezapo. Ni wachache wajuao kwamba limetoka katika neno la Kicheki, robota, ambalo maana yake ni kazi ya kulazimishwa, ile ambayo Waswahili waliiita shokoa. Katika mchezo huo roboti huasi na kuwaangamiza wanadamu. Humwacha hai mtu mmoja tu, mjenzi aitwaye Alquist, kwa kuwa wamemwona akifanya kazi kwa mikono yake kama wao.

Čapek alivaa vazi la kesho ili aseme habari za leo: ni nini haki ya mtu aliyefanywa chombo cha kazi, na ni nini mwisho wa bwana asiyejua tena kushika jembe? Bel Geddes alimkalisha mtazamaji juu ya nchi. Čapek alimsimamisha chini, penye mzigo. Hapa naiona dhamana ya kwanza ya mchora kesho. Si lazima ajue yatakayotokea, maana hilo halimo katika uwezo wa kiumbe. Lakini ni lazima asiufiche mzigo, wala asimfiche mtu aubebaye.

Usidhani, hata hivyo, kwamba picha ya kutisha daima ni bora kuliko picha ya kupendeza. Hofu nayo huuzwa sokoni. Ziko sinema zinazoteketeza miji kwa moto na mafuriko kwa muda wa saa mbili, kisha mtazamaji hurudi nyumbani akalala. Picha ya kupendeza humwambia: Ngoja, kesho utaletewa. Picha ya kutisha humwambia: Usijisumbue, kesho imekwisha haribika. Ya kwanza ni dawa tamu na ya pili ni chungu, bali usingizi ziletao ni mmoja. Sanaa yenye uadilifu humwacha mtu macho, ana jambo la kutenda mikononi mwake.

Sanaa ya namna hiyo haiko mbali nasi. Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa sinema fupi ya dakika 20 hivi, iitwayo Pumzi. Inaonyesha Afrika ya Mashariki miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vilivyopiganwa kwa ajili ya maji. Watu wanaishi wamefungiwa ndani, wakiambiwa kwamba nje kila kitu kimekufa. Hata jasho lao husafishwa wapate kulinywa tena. Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho, huota mti, na mashine humwamuru ameze vidonge vya kuzuia ndoto. Siku moja anapata udongo wenye uhai, anapanda mbegu ndani yake, nayo inachipua. Wakubwa wanamnyima ruhusa ya kutoka. Anatoroka, anaupanda mche ule jangwani, anaunywesha maji yake ya mwisho na jasho la mwili wake, kisha anaukinga na jua kwa mwili huo huo.

Kwa nini wakubwa wale waiogope ndoto ya mtu mmoja? Kwa sababu mtu akiisha kuuona mti moyoni, ukuta huanza kumwudhi. Fasihi yetu imelijua jambo hili tangu zamani. Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, kuna nchi inayoelea angani ambayo wajumbe wake huenda kutafuta mambo mema katika nchi nyingine, na warudipo hutiwa gerezani kwa habari walizoleta. Lakini zaidi ya ujasiri wa Asha, nataka uangalie malipo. Katika ile nchi ndogo ya New York, waliokaa vitini walifurahi, na gharama ikaja kulipwa na watu wa mitaa iliyopasuliwa. Katika kiwanda cha Čapek, mabwana walistarehe, na gharama ikalipwa na roboti, mpaka siku deni lilipogeuka. Asha anailipa kesho yake kwa maji yake mwenyewe. Huyu ndiye mwotaji ambaye sina neno la kumwuliza.

Pengine utasema kwamba ndoto za namna hii ni za mataifa tajiri, nasi tuwe watazamaji. Sikubaliani nawe. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, Waitalia walirusha setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchungua miale ya eksirei itokayo katika nyota. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, na kwa heshima hiyo setilaiti ikaitwa Uhuru. Heshima ilikuwa ya kweli, na elimu iliyopatikana ni mali ya wanadamu wote. Lakini angalia vema: jina lilikuwa letu, pwani ilikuwa yetu, na swali ambalo chombo kile kilikwenda kuiuliza mbingu lilikuwa la wengine. Taifa lisilojizoeza kuota litabaki kuwa mwenyeji mwema wa ndoto za wageni. Litatoa ufuko na jina, likingoja kusimuliwa yaliyoonekana.

Niliwahi kuwaambia wanafunzi wa kidato cha pili wachore nchi yao kama itakavyokuwa baada ya miaka 50. Wengi walichora majumba marefu kama yale waliyoyaona katika sinema, na magari yarukayo. Na katika karatasi nyingi hapakuwa na mtu hata mmoja. Msichana mmoja alichora mto wa kijijini kwao ukiwa na maji wakati wa kiangazi, na wanawake wawili wameketi kivulini, hawakubeba kitu. Wenzake walicheka, wakasema kwamba hiyo si kesho, hiyo ni jana. Akawajibu kwamba tangu azaliwe mto ule haujapata kuwa hivyo, basi itakuwaje jana? Nilipomwuliza maji yatatoka wapi, alionyesha miti aliyoichora kilimani. Akasema kwamba hiyo haina budi kupandwa kwanza, na wenye mashamba ya huko juu itawapasa waache sehemu ya ardhi yao, na baba yake ni mmoja wao. Darasa likanyamaza. Katika michoro yote ya siku ile, huo peke yake ulikuwa na hesabu ya malipo ndani yake.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapoingia katika maonyesho ya mambo yajayo, au utakapofunga kitabu cha safari za nyota, au utakapovalishwa miwani ya kukupeleka katika mji ambao haujajengwa, furahi kwa ustadi wa kazi, maana furaha hiyo ni haki yako. Kisha uliza mambo matatu. Nani amekichora hiki, na anauza nini? Nimesimamishwa wapi nikitazame: juu, pasipoonekana uso wa mtu, au chini, penye mzigo? Na kesho hii ikija, atakayeilipa ni nani, naye ameulizwa? Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakutukataza kufuma msala mpya. Walitutaka tujue tunaacha nini, na tunakwenda kukalia nini.

Wewe usomaye ukurasa huu shuleni utakuwa mtu mzima katika miaka ile ambayo sisi walimu wako tunaichora tu. Baadhi ya picha zilizotundikwa mbele yako zimelipiwa na watu wasiokujua, na katika nyingi hukuchorwa. Shika kalamu yako nawe. Chora kesho ambayo mtu wa mwisho kijijini kwenu ana mahali ndani yake. Na pembeni mwa mchoro huo, kwa mwandiko usomekao, andika kile ambacho wewe mwenyewe uko tayari kukitoa ili ije.