Amana Iliyopotea Bila Mwizi



Mara nyingi watu hutuuliza sisi makatekista juu ya wizi, uwongo na deni, na majibu yake yajulikana. Lakini liko swali ambalo watu huliuliza mara chache, nalo lilinipata nyumbani kwa shemeji yangu, hapa Lubumbashi: Kama amana imepotea, wala hakuna mwizi, wala hakuna aliyetaka mabaya, je, yuko mwenye kosa? Tena kama yuko, ni nani? Nitaeleza kwanza jambo lenyewe, ndipo tutalipima pamoja.

Mwaka 2017 shemeji yangu alinunua sanduku dogo la kutunzia mafaili, linaloungwa kwa waya na mtandao wa nyumbani, ili kila mtu wa nyumba ile aweze kuyafungua kwa kompyuta au kwa simu yake. Ndani mna diski nne, kila moja ya terabaiti 4. Humo waliweka picha za arusi na za matanga, hati za shamba, na vyeti vya masomo vya watoto. Mimi nami niliweka kitu kilichokuwa bora kwangu kuliko vyote: sauti ya marehemu mama yetu, akitaja wazee wetu mmoja mmoja, na vijiji walivyotoka, na sababu ya kutoka. Niliipokea sauti hiyo kwa simu mara tatu, katika mwaka wa mwisho wa maisha yake. Nilipokwisha kuihamisha ndani ya sanduku, niliifuta katika simu ili nipate nafasi. Likumbukeni neno hilo, nitalirudia.

Kwa nini tuliliamini sanduku? Kwa sababu ya akili iliyomo ndani yake. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa andiko lao kueleza jinsi diski nyingi za bei ndogo zinavyoweza kufanya kazi pamoja kama diski moja kubwa, hata ikifa moja, vitu vilivyomo visipotee. Utaratibu huo waliuita RAID, na jina hilo latumika mpaka leo. Uko wa namna mbalimbali. Wetu ulikuwa ule wa namba 5.

Mfano wake ni huu. Tuseme una vikapu vitatu vya mayai: cha kwanza kina mayai 7, cha pili 5, cha tatu 9. Juu ya karatasi unaandika jumla yake, 21. Kikapu cha pili kikipotea, huna haja ya kuuliza mtu kilikuwa na mayai mangapi: toa 7, toa 9, yabaki 5. Mayai hayarudi kwa hesabu, ni kweli. Lakini ndani ya mashini kila kitu, hata picha, hata sauti, kimeandikwa kwa tarakimu. Basi ukiipata tarakimu umekipata kitu chenyewe. Mashini haijumlishi kama sisi, inafuata hesabu ya shufwa na witiri, lakini maana ni ile ile. Wala jumla haikai katika diski moja tu, inagawanywa kwa zamu katika diski zote. Ndiyo maana mtu anunuaye terabaiti 16 hupata nafasi ya 12 tu. Zile 4 ndizo bei ya usalama.

Sasa angalieni mpaka wa usalama huo. Vikipotea vikapu viwili, jumla haisaidii tena. Toa 7 katika 21, yabaki 14. Je, ni 5 na 9? Au 10 na 4? Hakuna ajuaye. Hesabu ile iliahidi kuvumilia kifo cha diski moja, basi. Haikuahidi zaidi.

Mwezi wa tatu, usiku, sanduku lilianza kulia, na taa yake moja ikageuka nyekundu. Mpwa wangu, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa akisoma kwa ajili ya mtihani. Mlio ulimsumbua. Alifungua kompyuta, akatafuta mahali pa kuunyamazisha, akaunyamazisha. Asubuhi picha zilifunguka kama kawaida, kwa kuwa diski tatu zilizobaki zilikuwa zikifanya hesabu kwa ajili ya ile iliyoanguka. Kijana hakusema neno. Baba yake aliiona taa nyekundu siku nyingi, akasema moyoni, “Mradi linafanya kazi.” Hivyo miezi minane ikapita.

Mwezi wa kumi na moja umeme ulikatika, kama tulivyozoea. Uliporudi, diski ya pili ilishindwa kusoma sawasawa, sanduku likaitoa katika kundi, na yote yakafungwa. Kijana aliogopa. Usiku ule alizima na kuwasha mara nyingi, akitoa diski na kuzirudisha. Sanduku lenyewe likampa shauri: je, ziandaliwe upya? Mungu alimsaidia asikubali, kwani kuandaa upya ni kuandika juu ya yale ya zamani.

Tulimwita fundi, binti mmoja aliyesoma kazi hiyo. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kuzima sanduku. Ya pili, kuandika namba juu ya kila diski. Ya tatu, kutogusa kitu katika diski zenyewe: kila moja inakiliwa yote, tarakimu kwa tarakimu, katika diski mpya, na kazi ya kutengeneza inafanyika juu ya nakala tu. Alitumia programu inayoitwa ddrescue. Hiyo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huandika ramani ya sehemu mbovu, kisha huzirudia polepole baadaye. Shemeji alinung’unika kwa gharama ya diski mpya. Fundi alimjibu, “Baba, tukikosea juu ya nakala, tutaanza tena. Tukikosea juu ya hizi zenyewe, hatuna pa kuanzia.”

Kisha akauliza, “Diski ipi ilitangulia kufa?” Shemeji alijibu bila kusita, “Zote mbili zimekufa usiku mmoja, umeme uliporudi.” Alisema alichoamini. Lakini kila diski katika utaratibu huo hujiandikia hesabu ya matukio, na saa ya mwisho ilipofanya kazi pamoja na wenzake. Fundi alisoma, akanyamaza kidogo, akasema, “Baba, hii ya kwanza haijaandikwa kitu tangu mwezi wa tatu.”

Nyumba yote ilikaa kimya. Ndipo mpwa wangu akanitazama mimi, si baba yake, akasema, “Mjomba, ni mimi niliyenyamazisha mlio.” Akaeleza yote, na habari ya kuwasha na kuzima usiku ule pia.

Ungamo hilo lilifaa nini? Lilifaa sana. Diski ya kwanza ilikuwa imeamka tena, inasomeka vizuri, kumbe ina mambo ya miezi minane nyuma. Mtu mwenye haraka angeichukua kwa uzuri wake, angeiunga na zile mbili nzima, naye angechanganya ya zamani na ya sasa, akapata mafaili yaliyovurugika. Ile ya pili, iliyosoma kwa shida, ndiyo iliyokuwa na ukweli wa siku ya mwisho. Tena fundi alipojua imeteswa usiku kucha, aliacha kazi nyingine zote akainakili hiyo kwanza, bila kuizima wala kuiwasha tena mpaka imalize. Kisha aliunga nakala yake na nakala za zile mbili nzima, kwa kusoma tu, pasipo kuandika. Picha zikafunguka, na hati pia. Video moja ya arusi iliharibika. Katika sauti tatu za mama, mbili zilitoka nzima. Ya tatu inakatika katikati, anapoanza kutaja ndugu za babu yake. Majina hayo hatuna pengine pa kuyapata.

Sasa turudie swali letu. Nani ana kosa?

Labda mtu atasema: Hakuna. Diski ni chuma, na chuma huchakaa. Neno hilo ni kweli, lakini halitoshi. Kuchakaa kwa diski si kosa la mtu, wala kukatika kwa umeme. Lakini tulichopoteza hakikupotea siku ya kuchakaa. Siku ile hatukupoteza hata picha moja. Kilipotea katika miezi minane iliyofuata, ambayo kwayo diski moja mpya ingetosha kuponya yote.

Mwingine atasema: Hawakujua. Katika masomo yetu ya filozofia tulifundishwa kupambanua ujinga wa namna mbili: ule ambao mtu hawezi kuushinda, na ule ambao angeweza kuushinda kama angeuliza. Wa kwanza humwondolea mtu kosa. Wa pili haumwondolei, ila huweza kulipunguza. Kijana hakujua maana ya taa, lakini baba yake alilala chumba cha pili. Baba hakujua pia, lakini kitabu cha maelezo kilikuwa katika mtoto wa meza. Nami je? Niliifuta sauti ya mama katika simu yangu, nikaifanya nakala moja tu duniani, kwa kuwa niliona uvivu kununua kadi ndogo ya simu. Hata sanduku lingekuwa zima, mwizi angeweza kulibeba, au moto kuliunguza. Diski nne ndani ya sanduku moja zasaidia kazi isikatike, wala si nakala ya akiba. Mtakatifu Thomas wa Aquino aliuhesabu uzembe kuwa kinyume cha busara, na nadhani alituona sisi watatu.

Lakini mizani haijakwisha. Nilimwuliza mpwa wangu faraghani kwa nini hakusema. Akajibu, “Mjomba, mwaka uliopita nilivunja kioo cha simu ya Baba nikamwambia siku ile ile. Unajua nilivyopigwa.” Basi nikaelewa. Wahenga husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wanasema kweli, lakini yatupasa kuuliza pia nani aliyemfundisha mgonjwa kuficha. Katika nyumba ambayo mleta habari mbaya hupigwa, watoto hujifunza kunyamazisha mlio. Ndivyo ilivyo hata katika chama, na katika ofisi, ambapo karani hathubutu kumwambia mkubwa wake kwamba hesabu ina upungufu.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili. Kosa halimo katika kuharibika kwa kitu, bali katika kuificha dalili, au kuiona na kuipita, au kumtisha anayeitangaza. Tena kitu kinachovumilia kasoro moja chatupa muda wa kutengeneza, nasi mara nyingi twautumia muda huo kulala. Afya ya mwili ni hivyo, urafiki ni hivyo, na ndoa pia. Vyaendelea siku nyingi baada ya ufa wa kwanza, na kwa sababu vyaendelea, twasema ni vizima.

Shemeji yangu nilimweleza maneno ya kijana, kwa ruhusa yake mwenyewe kijana. Hakunijibu siku ile. Jumapili iliyofuata alimwita mwanawe mbele yetu, akampa kazi ya kulitunza sanduku, akasema, “Likilia, niamshe hata usiku wa manane.” Sasa tunafuata shauri lililoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja mahali pengine. Ya kwetu ya tatu iko Kolwezi kwa dada yangu mdogo. Kila mwezi tunafungua mafaili machache kuona kama yanasomeka.

Nami mwezi huo husikiliza sauti ya tatu ya mama mpaka pale inapokatika. Ndugu msomaji, kama kwako iko taa nyekundu uliyoizoea, uliza leo maana yake. Na mtoto akija kukuambia amevunja kitu, mshukuru kwanza, ndipo mzungumze juu ya kilichovunjika.