Usiufunike Utepe Wako

Masomo: 2 Timotheo 2:5, 1 Samweli 15, 2 Samweli 12:1-25



Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo, mwanawe katika imani, alimkumbusha jambo ambalo kila mtoto achezaye mpira shuleni analijua: ashindanaye hapewi taji kwa sababu ya nguvu zake tu, sharti awe amezifuata kanuni. Paulo alikuwa amekaa Korintho mwaka mmoja na nusu, na karibu na mji ule watu walikusanyika kila baada ya miaka miwili kutazama michezo ya Isthmia. Kwa hiyo aliposema habari za mbio na mataji hakuwa akibuni mfano. Alisema juu ya mambo ambayo watu wake waliyaona kwa macho.

Nami leo nachukua mchezo mmoja ambao wengi wetu hatujauona bado, ila tutausikia. Unaitwa flagi futboli. Mwezi wa Oktoba 2023, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipokutana Mumbai, ilikubali mchezo huo uingizwe katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, kwa wanaume na kwa wanawake. Vijana wetu watauliza ni mchezo gani huo. Afadhali wazee tuwe na la kuwajibu.

Mama yake ni futboli ya Kimarekani, ambayo si kandanda yetu. Mpira wenyewe umechongoka huku na huku, hubebwa mikononi na kurushwa, na yule aliyeubeba hukamatwa mwili mzima na kubwagwa chini. Ni mchezo mkali mno. Mwaka 1905 vijana kadhaa walikufa kwa kuucheza, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu watu wa vyuo vikubwa wauzungumzie. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wa Marekani waliucheza kambini kwa namna nyingine, isiyovunja mifupa. Maana ni hasara iliyoje askari kuvunjika mguu mchezoni kabla hajamwona adui! Katika namna hiyo ndimo mchezo wa tepe ulimokulia.

Kanuni zake ni hizi. Kwa mashindano ya kimataifa kila timu ina wachezaji 5 uwanjani. Uwanja una upana wa yadi 25 na urefu wa yadi 50, na kila mwisho pana kipande kingine cha yadi 10. Wenye mpira hupewa majaribio 4 kuuvuka mstari wa katikati. Wakiuvuka, hupewa mengine 4. Atakayeingia na mpira katika kile kipande cha mwisho huipatia timu yake pointi 6.

Sasa sikilizeni habari ya tepe. Kila mchezaji hufunga mkanda kiunoni, na katika mkanda huo huning'inia tepe mbili, moja kila upande. Kumzuia mwenye mpira hakuna kumkaba, wala kumsukuma, wala kumshika shati. Unamng'oa utepe, basi. Utepe ukishatoka, mpira umekufa pale pale, na jaribio linalofuata huanzia mahali hapo. Tepe hazifungwi kwa fundo zisitoke. Shati huchomekwa ndani lisizifiche, na rangi ya tepe haifanani na rangi ya suruali, ili zionekane hata kwa mbali.

Na iko kanuni moja iliyonifanya nichukue kalamu. Mwenye mpira anaruhusiwa kukimbia, kukwepa, kuzunguka kama pia. Lakini haruhusiwi kuufunika utepe wake. Asiukinge kwa mkono, wala kwa mpira wenyewe, wala asiupige mkono wa yule anayeutafuta. Akifanya hivyo mwamuzi hupuliza filimbi na timu yake hurudishwa nyuma.

Fikirini neno hilo, ndugu zangu. Anayeng'olewa utepe hapotezi hatua alizokwisha kupiga. Amekwenda yadi 8, basi yadi 8 ni zake, na wenzake wataanzia hapo. Anayeufunika ndiye anayepoteza. Sisi twadhani kinyume. Twadhani kukamatwa ndiko kunakotuangamiza, kwa hiyo mkono wetu unashuka wenyewe kiunoni, kama Adamu alivyokimbilia majani ya mtini kabla hajaulizwa lolote.

Tazameni wafalme wawili. Sauli aliagizwa asibakize kitu cha Waamaleki, naye akabakiza kondoo na ng'ombe walionona. Samweli alipomjia, Sauli alitangulia kusalimu kwa baraka na kusema kazi ya Bwana imetimizwa. Huo ni mkono wa kwanza juu ya utepe. Nabii akauliza juu ya mlio wa kondoo aliousikia. Sauli akasema ni watu waliowaacha hai. Mkono wa pili. Tena akasema wameachwa ili watolewe dhabihu. Na huo ndio ubaya zaidi, maana alijifunika kwa ibada. Mwisho alikiri, lakini hata hapo aliomba aheshimiwe mbele ya wazee. (Katikati ya mambo hayo alilishika vazi la Samweli likararuka. Katika flagi futboli hilo nalo ni kosa.) Sauli alirudishwa nyuma, na ufalme ukamtoka.

Daudi, tukipima dhambi kwa mizani yetu, alifanya baya kuliko la Sauli: alitwaa mke wa mtu, kisha akamwua mtu mwenyewe. Nathani akamjia bila askari wala kelele, na hadithi ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja. Akaunyosha mkono, akaung'oa utepe. Daudi hakumtaja Bathsheba kuwa ndiye aliyemponza, wala hakumtaja Yoabu. Alikiri kwa maneno machache kwamba amemkosa Bwana. Gharama ilikuwapo, tusijidanganye. Mtoto alikufa, na upanga haukutoka nyumbani mwake. Lakini mchezo uliendelea kuanzia pale pale alipokamatwa. Katika nyumba ile ile alizaliwa Sulemani.

Sasa tuje kwetu. Mpira wa parishi una wabebaji wake: kasisi, wazee wa kanisa, mhazini, mwalimu wa kwaya, viongozi wa akina mama. Mhazini akiulizwa stakabadhi ya mabati, hujibu kwamba ametumika miaka ishirini. Hilo si jibu, ni mkono juu ya utepe. Kasisi akiulizwa, hutaja upako wake. Wengine hufanya kama Sauli, huanzisha sala ndefu mpaka mwenye swali aone haya kuuliza tena. Na kwa kuwa hakuna mwamuzi anayepuliza filimbi siku ile ile, twadhani tumepita. Lakini sadaka hupungua, watu huhama kimya kimya, na baada ya miaka mitatu twashangaa kuona tumerudi tulikoanzia.

Wenye kutafuta utepe nao wana kanuni zao. Utepe ndio unaovutwa, si mwili. Mtu akiuliza hesabu ya mabati na papo hapo akaingiza kabila la mhazini, na mkewe, na watoto wake waliofeli mtihani, huyo ameacha utepe na kumbwaga mtu chini. Bwana wetu alitufundisha, katika Mathayo 18, kumwendea ndugu peke yake kwanza. Nathani alifanya hivyo hata kwa mfalme.

Tena haruhusiwi mtu kumvua utepe asiye na mpira. Hapa sisi tunakosa sana, na nasema bila kuficha. Msichana wa kwaya akipata mimba, jina lake hujulikana mtaa mzima kabla ya Jumapili. Huondolewa kwenye benchi, huketi nyuma, wakati mwingine hakanyagi tena kanisani. Mwanamume aliyehusika, kama ana cheo, huendelea kusimama mbele na kusoma somo. Tumemkamata asiyebeba mpira, na mwenye mpira anakimbia mbele ya macho yetu. Mwamuzi wa kule Marekani angepuliza filimbi. Je, sisi wazee wa kanisa?

Liko jambo moja dogo ambalo si kanuni ya kila mahali, ni adabu ambayo walimu wengi huwafundisha watoto. Aliyeng'oa utepe huuinua juu ili mwamuzi aone mahali, kisha humrudishia mwenyewe mkononi, naye huuvaa tena. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba aliyenaswa katika kosa arejezwe kwa upole. Katika mitaa yetu tunajua sana kuinua utepe juu. Wako watu walioungama miaka kumi iliyopita, nasi tungali tumeushika utepe wao, tukiwaonyesha watoto wetu.

Hesabu za sikukuu ya mavuno zitasomwa katika Halmashauri ya Parishi mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo kitabu cha mapato na kitabu cha matumizi vitawekwa juu ya meza mlangoni pa kanisa kila Jumapili, kuanzia baada ya ibada ya kwanza, pamoja na stakabadhi za mabati. Kitabu cha posho ya kasisi kitakuwa kando yake. Asiyejua kusoma na aje na mjukuu wake amsomee.