Mtihani Usio na Jina, Ratiba Yenye Macho

Swali ambalo mitihani ya vyuo vikuu huiwekea falsafa ya haki ni hili: je, kumtendea mtu haki ni kutomjua ni nani, au ni kumjua? Katika kozi yenye wanafunzi kumi na wawili swali hilo halimsumbui mtu, kwa kuwa mwalimu anawafahamu wote na siku ya mtihani inaweza kupatikana kwa makubaliano. Lakini katika kozi kubwa, zile za utangulizi wa uhasibu, uchumi au takwimu zinazosomwa na mamia kwa pamoja, kila tarehe inayobandikwa ukutani na kila kanuni ya alama inakuwa sheria, na kama ilivyo kwa sheria yoyote, wapo inaowaelemea kuliko wengine. Kampasi ya Gikondo, mjini Kigali, ni mahali panapofaa kulichunguza swali hilo. Hapo ilianza mwaka 2002 Shule ya Fedha na Benki, ambayo iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda kilipoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi za umma za elimu ya juu, ikawa sehemu ya Ndaki ya Biashara na Uchumi. Na kwa miaka mingi kampasi hiyo imefundisha makundi matatu, yaani wanafunzi wa mchana, wa jioni na wa wikiendi, wengi wa makundi mawili ya mwisho wakiwa wafanyakazi.

Kwa upande wa alama, jibu la vyuo vingi ni kwamba haki ni kutojua. Usahihishaji wa siri, maana yake utaratibu ambao mtahiniwa huandika namba ya usajili badala ya jina lake, umezoeleka kiasi kwamba watu husahau kuuliza sababu yake. Nchini Rwanda sababu haihitaji kutafutwa mbali. Tangu miaka ya 1930, chini ya utawala wa Ubelgiji, kitambulisho kilitaja kabila la mwenye nacho, na desturi hiyo ilidumu hadi 1994. Katika utawala wa Juvénal Habyarimana nafasi za sekondari na za chuo ziligawanywa kwa sera ya uwiano wa makabila na mikoa, hivyo mtoto aliweza kufaulu mtihani na bado akakosa nafasi kwa sababu ya kilichoandikwa katika karatasi nyingine kabisa. Mwanafalsafa wa Marekani John Rawls, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu nadharia ya haki, alipendekeza kwamba kanuni za jamii zichaguliwe na watu walio nyuma ya pazia la ujinga, yaani watu wasiojua kama wao wenyewe watakuwa matajiri au maskini, wa dini hii au ile. Msahihishaji huvaa pazia la aina hiyo lililogeuzwa: yeye anajijua vizuri, asiyemjua ni yule anayemhukumu. Pazia hilo, ni kweli, lina matundu. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2008 kuhamisha ufundishaji kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, karatasi ya uchumi imekuwa pia karatasi ya Kiingereza, na msahihishaji asiye na jina mbele yake anaweza kuhisi, baada ya aya mbili tu, kama mwandishi alisomea shule ya gharama au ya kijijini. Ila hilo ni suala linalostahili makala yake.

Ratiba, kinyume chake, haiwezi kuvaa pazia lolote, kwa sababu anayeipanga hapimi majibu bali anaita miili: anamtaka mtu awe katika ukumbi fulani saa fulani, na mtu huja na siku zake. Waadventista Wasabato, ambao katika sensa ya Rwanda ya mwaka 2012 walikuwa takriban asilimia 12 ya wananchi, huishika Sabato kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi, na katika muda huo huacha kazi za riziki pamoja na masomo ya kidunia. Kigali iko karibu nyuzi mbili kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na jambo hilo dogo la jiografia lina uzito mkubwa kwa wanaosoma baada ya kazi: mwanafunzi wa jioni akipangiwa mtihani Ijumaa, akapanda mlima wa Gikondo akitokea ofisini, kadi ya chuo mkononi na kalamu mbili mfukoni, Sabato humkuta kabla msimamizi hajafungua bahasha ya maswali, na mwenzake wa wikiendi hana hata dakika za kuhesabu, kwa kuwa moja ya siku zake mbili za masomo ndiyo Sabato yenyewe. Darasa la watu 400, likifanana na nchi, lina Wasabato kama 48, na watu 48 hawawezi kuitwa vighairi vichache.

Hutokea kwamba wakubwa wa vyuo hujibu kwa teolojia, wakikumbusha kuwa Yesu mwenyewe aliponya wagonjwa siku ya Sabato, hivyo mtihani wa saa tatu hauwezi kuwa dhambi. Jibu hilo linavuka mipaka ya mamlaka. Ofisi ya mitihani haina ujuzi wala idhini ya kuamua nini kinainajisi Sabato, kama isivyo na idhini ya kumwambia Mwislamu ni udhuru gani unamruhusu kuikosa swala ya Ijumaa. Na Katiba ya Rwanda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2015, inalinda uhuru wa dhamiri na dini katika ibara ya 37 bila kumtaka muumini athibitishe kwanza kuwa ameyafasiri maandiko yake sawasawa.

Majirani wamelipeleka suala hili mahakamani, na majibu yao yamegongana. Nchini Uganda, wanafunzi watatu Wasabato walikishitaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa kupanga masomo na mitihani siku ya Sabato. Mahakama ya Katiba iliwakatalia mwaka 2003, na Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2006, kwa hoja kwamba chuo ni cha umma na hakina dini, kina wanafunzi wengi kuliko nafasi zake, na waliojiunga walijiunga kwa hiari yao huku sera hiyo ikijulikana. Nchini Kenya, katika shauri la Kanisa la Waadventista Wasabato dhidi ya Waziri wa Elimu lililohusu wanafunzi wa sekondari, Mahakama ya Rufani ilitamka mwezi Machi 2017 kwamba kanuni inayoonekana sawa kwa wote inaweza kuwa ya kibaguzi ikiwa mzigo wake unaliangukia kundi moja. Hoja ya Kampala ya uhaba wa vyumba ni nzito na haifai kudharauliwa na mtu ambaye hajawahi kupanga ratiba ya maelfu. Hoja yake ya hiari ni dhaifu zaidi, maana chuo cha umma hujengwa kwa kodi ya wote, na kumwambia mlipa kodi kuwa angeweza kwenda kwingine ni kumkumbusha tu kwamba kwingine kunalipiwa. Kati ya njia hizo mbili, ya Nairobi ndiyo inayouona mzigo ulipo.

Kinachobaki ni namna ya kuupunguza mzigo huo bila kuharibu mtihani, na hapo matatizo ya kweli huanza. Karatasi moja iliyofanywa na mamia Jumamosi asubuhi haiwi siri tena ifikapo saa sita mchana, kwa sababu maswali huzunguka kwenye simu kabla vitabu vya majibu havijahesabiwa. Brazili ilijaribu kulitatua hilo katika mtihani wake wa taifa wa kuingilia vyuo, ENEM, kwa kuwafungia Wasabato katika vyumba vya mtihani kuanzia mchana wa Jumamosi hadi giza lilipoingia, ndipo wakapewa karatasi. Usiri ulilindwa, lakini kwa kumkalisha mtu kitako saa nyingi bila kitabu kisha kumpima akiwa amechoka. Mwaka 2017 nchi hiyo iliachana na utaratibu huo, ikaupeleka mtihani wote kwenye Jumapili mbili zinazofuatana. Rwanda yenyewe ina mfano wake: umuganda, ile kazi ya jamii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Wasabato huifanya Jumapili, na hakuna anayedai kwamba barabara iliyosafishwa Jumapili ni chafu zaidi.

Njia inayowajia wengi haraka ni kumtaka kila mwanafunzi ajaze fomu ya dini yake mwanzoni mwa muhula. Katika nchi nyingi hilo lingepita bila neno. Katika nchi ambamo orodha za watu kwa asili yao ziliwahi kutumika kuwaua, ofisi ya umma haina budi kufikiri mara mbili kabla ya kufungua daftari jipya la utambulisho, hata kwa nia njema kabisa. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alieleza kwamba sheria huwa na kasoro kwa sababu ni ya jumla, na kwamba insafu, yaani uadilifu unaoinyoosha sheria pale ujumla wake unapoumiza, hufanana na rula ya risasi ya wajenzi wa Lesbos iliyojipinda kufuata umbo la jiwe. Lakini rula ya kupinda haihitaji kujua jina la jiwe. Utaratibu unaofaa ni kila mtihani wa kozi kubwa kuwa na mikao miwili, mmoja siku ya kazi au Jumamosi na mwingine Jumapili au katikati ya wiki inayofuata, na kila mwanafunzi kuchagua mmoja kabla ya tarehe iliyotangazwa, bila kuulizwa sababu. Msabato atachagua, na pamoja naye aliyefiwa, mama aliyejifungua, na Mwislamu ambaye Idi yake hutegemea kuandama kwa mwezi na hivyo haiwezi kuandikwa kwa uhakika katika ratiba iliyochapishwa miezi mitatu kabla.

Mikao miwili, hata hivyo, inadai mabadiliko katika alama. Pale ambapo madaraja hupangwa kwa kulinganisha, yaani pale ambapo daraja la juu hupewa sehemu fulani ya darasa hata kama darasa zima limejua kidogo au limejua sana, karatasi mbili tofauti zitazua malalamiko yasiyoisha, kwa sababu aliyepata maswali mepesi amemshusha mwenzake. Pale ambapo hupangwa kwa vigezo, yaani kwa kiasi ambacho kila mmoja ameonyesha anakijua, karatasi ya pili inatakiwa tu ipime malengo yaleyale kwa ugumu uleule, na mtahini wa nje azisome zote mbili kabla hazijachapwa. Wapo watakaosema huo ni upendeleo, mfano wa wale vibarua wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo waliofika jioni wakalipwa sawa na waliochomwa na jua tangu asubuhi. Mfano huo hauhusiki hapa. Mwanafunzi wa Sabato haombi ujira bila kazi. Anaomba kazi ileile, jua lilelile, siku nyingine, na alama atakayopata ni ya namba isiyo na jina kama za wengine wote.

Pingamizi la mwisho ni gharama, nalo ni la kweli: karatasi mbili ni kazi mara mbili ya kutunga, kuhakiki, kuchapa na kusimamia. Vyuo vingi tayari hutunga karatasi ya pili kwa ajili ya mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi wa Tanzania huuita sapu, hivyo sehemu ya kazi hiyo inafanyika kila mwaka bila kelele. Inayosalia ni kazi ya mwalimu na ya ofisi ya mitihani, ambao huajiriwa kuifanya, na si halali kumbebesha mwanafunzi wa miaka ishirini kwa jina la usawa.